Wasiotazamiwa Kubisha Hodi

Milwaukee, 9 Februari 2014

Kwako Shangazi Earline,

Baridi ya mwaka huu haina adabu. Jana Rodney alitoka na kaptula kuchukua gazeti mlangoni, maana mume wangu ni bingwa wa kudharau, akarudi masharubu yameganda. Janelle anakusalimu kutoka chuoni. Anasema sweta uliyomfumia inambana makwapani, lakini anaivaa kwa heshima yako. Nilipita kaburini kwa Baba nikamfagilia theluji. Nilimwambia dada yake bado anatawala Mississippi nzima kutoka kwenye kiti cha barazani.

Sasa habari. Lile jengo la kiwanda cha glavu alilofanyia kazi Mama, ambalo watu walisema nimenunua banda la njiwa, litakamilika kabla ya majani kuanguka. Fleti kumi na nane, Shangazi! Jiji limenikopesha kwa riba ya huruma na serikali ya jimbo ikaongezea juu, kwa sharti kwamba kodi iwe ndogo na wapangaji wawe watu wa kipato kidogo. Sharti hilo nililipenda. Sikujua kwamba lina wadogo zake.

Jumanne alikuja ofisa wa nyumba wa jiji, Bi. Novotny, mama mmoja mwembamba kama ufagio. Akaniuliza, "Hizi fleti utawatangazia akina nani?"

Nikamwambia, "Nitatangaza kanisani kwetu, kwa kinyozi, na saluni kwa Vernita. Wiki haitaisha zitakuwa zimejaa."

"Hapo ndipo penye tatizo," akasema. "Hao wangekuja hata usingefungua mdomo. Niambie, ni nani hatazamiwi kabisa kubisha hodi kwako?"

"Wazungu," nikasema, kwa mzaha tu.

Akaandika! Shangazi, aliandika! Akaongeza Wameksiko wa upande wa kusini, Wahmong, wale watu wa milima ya Laos, na watu wa viti vya magurudumu. Akasema hao ndio nianze nao, niwafuate waliko, kwa lugha zao, ndipo nije kwa watu wa mtaa wangu. Halafu hakuna cha aliyewahi kupewa kwanza. Maombi yatapokelewa muda mrefu, na mwisho itachezeshwa droo mbele ya macho ya watu.

Miaka yote sisi ndio tuliofungiwa milango. Leo nimepata mlango wangu mwenyewe, naambiwa nikasimame sokoni niwaite wenye funguo za zamani. Kati yangu na hao, mwenye haki ni nani? Niambie wewe, maana Rodney nikimwambia anacheka tu.

Wako,
Tamera


Mississippi, 27 Februari 2014

Binti wa kaka yangu,

Nimecheka mpaka nikayatoa meno nikayaweka mezani, nikaendelea kucheka bila meno. Mbwa wa jirani yangu, Bwana Tolliver, alidhani ninakufa, akaja kubweka dirishani. Kwa hiyo wewe, mjukuu wa wachuma pamba, umetumwa na serikali kuwinda wazungu! Ungemwambia baba yako hilo mwaka sitini, angekupeleka hospitali.

Huku hatujambo. Paa la kanisa linavuja palepale anapokaa mchungaji, na wapo wanaosema Mungu ana lake. Goti langu lina miaka tisini ingawa mwenyewe nina sabini na tano. Nimepanda sukuma wiki na bamia. Mwambie Janelle anitumie vipimo vya makwapa.

Kuhusu huyo mama ufagio sina la kusema. Ofisi ni ofisi.

Ila nina langu dogo. Mwanangu Dwight, kama ujuavyo, bado yuko hukohuko kwenu, yeye na Latrice na wale wasichana wawili, katika chumba cha chini nyumbani kwa mama mkwe wake. Yule mama anahesabu vipande vya kuku. Dwight hasemi, lakini nilimzaa mimi, nasikia hata anavyonyamaza. Yeye ni kitindamimba changu. Mtengee fleti moja, ile yenye jua. Sikuombi kama mwenye nyumba, nakuomba kama mwanangu. Mama yako alipofariki ni mkono huu uliokusuka nywele.

Nasubiri jibu. Usinipigie simu. Simu ni ya mambo ya mvua na misiba.

Shangazi yako,
Earline


Milwaukee, 6 Aprili 2014

Shangazi mpendwa,

Vipimo vya makwapa ni hivi hapa, ukurasa wa nyuma. Rodney anaumwa mgongo kwa sababu alinionyesha jinsi ya kubeba friji. Theluji imeondoka, matope yameingia.

Nina mengi ya kukusimulia! Kwanza tangazo langu lilirudishwa. Niliandika, "Fleti nzuri katika mtaa wa watu wacha Mungu, hatua chache kutoka kanisani, zinafaa watu wazima watulivu." Bi. Novotny alichukua kalamu akalichinja. "Wacha Mungu" akakata. "Kanisani" akakata. "Watu wazima watulivu" akakata mara mbili. "Ukisema hivyo, Mwislamu atajua hatakiwi, na mwenye watoto atajua hatakiwi," akasema. "Eleza nyumba. Usieleze mtu." Limebaki vyumba, kodi, kituo cha basi, na ile picha ndogo ya sheria, nyumba yenye alama ya sawasawa ndani yake, maana yake mlango ni wa wote. Nilinuna. Halafu nikajiuliza mwenyewe Janelle akiwa mdogo, na kelele zake zile, ningepangishwa nyumba na nani?

Kisha nikaingia barabarani. Sokoni kwa Wahmong nilibandika tangazo, nalo lilikuwa limetafsiriwa na msichana mmoja anayeuza mchaichai. Bibi mmoja alilisoma lote, akaniuliza kupitia yule msichana, "Kuna mahali pa kupanda mboga?" Nikasema kuna uwanja mtupu wenye vioo vilivyovunjika. Akasema, "Vioo vinaokoteka." Sasa nina mpango wa bustani ambao haukuwepo.

Jumapili iliyopita nilivuka daraja kwenda upande wa kusini, kwenye ukumbi wa kanisa la Wapolandi. Nilisimama mbele ya vikongwe wakila vile vimaandazi vyao vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Mmoja akaniuliza, "Huko kwenu kuna usalama?"

"Mama," nikamjibu, "nalala huko tangu nizaliwe, na mume wangu anakuambia nakoroma."

Walicheka, wakanijazia sahani. Siku nyingine nitakupikia. Vinahitaji chumvi.

Hivi, Shangazi, wewe na marehemu mumeo, Mjomba Hosea, mlipokuwa mnaishi hapa, mliwahi kwenda upande ule? Sikumbuki ukisimulia.

Ninakimbilia kwa mafundi. Nisalimie Bwana Tolliver na mbwa wake.

Tamera


Mississippi, 19 Aprili 2014

Tamera,

Hatujambo. Mvua imenyesha.

Nilikuuliza kuhusu Dwight, umenijibu maandazi.

Earline


Milwaukee, 11 Mei 2014

Shangazi,

Leo ni siku ya akina mama, na nimekaa na karatasi hii tangu kifungua kinywa. Rodney amepitisha kichwa mara tatu kuona kama nimeandika kitu. Janelle ametuma maua, nusu yamekufa njiani, nusu yanajitahidi. Hapa nyumbani wote wazima. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitafuta namna ya kusema ndiyo. Nilitafuta kweli.

Nilimuuliza Bi. Novotny kuhusu ndugu wa mwenye nyumba. Akasema Dwight anaweza kujaza maombi kama mtu yeyote na kuingia kwenye droo kama mtu yeyote, lakini kumtengea, hapana. Nikarudi nyumbani. Mzee wa kanisa, Lucius Battle, unamkumbuka, yule mwenye sauti ya besi, akanijia na lake. Ana watu wanne anaotaka niwaweke. Akaniambia, "Dada Tamera, droo ni vikaratasi tu ndani ya kapu. Nani atajua kimoja kikipotea?" Sitakudanganya, Shangazi, nilimsikiliza. Nilianza hata kuchagua fleti ya Dwight. Ya ghorofa ya tatu, upande wa mashariki, jua linaingia mpaka jikoni.

Kisha akaja Bi. Wanda. Ni mmoja wa wale vikongwe wa ukumbini. Siku ile ilikuwa inanyesha mvua ya barafu. Alipanda mabasi mawili kuleta fomu yake kwa mkono, maana haamini posta. Alilowa mpaka soksi. Nilimkalisha karibu na kipasha joto, akanishika mkono kabla sijamletea chai.

"Binti, nijibu kweli," akasema. "Hizi nyumba si zimeshapata wenyewe? Mimi ni mzee. Sitaki kupanda mabasi mawili kuja kuwapigia wengine makofi."

Nikamwambia, "Hazijapata."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akanitazama, akanywa chai yake, akaondoka.

Basi ndiyo hivyo. Nilisema "hata moja" kwa mdomo wangu, nikimtazama usoni. Siwezi tena kurudi nyuma nikatoa moja. Nimempelekea Dwight fomu. Lucius Battle haniongeleshi, na kwaya nzima inaniangalia kama niliyeuza kinanda.

Najua ni mkono wa nani ulionisuka. Ndiyo maana barua hii ni ngumu.

Tamera


Milwaukee, 29 Juni 2014

Shangazi,

Niliandika Mei. Ama posta ya Mississippi imelala, ama ni wewe uliyeifungia mlango.

Dwight amejaza fomu. Alikuja nayo mwenyewe, amevaa tai, eti asije akadhaniwa ni ndugu. Tumecheka. Yeye hana kinyongo. Latrice sijui. Ile siku alibaki ndani ya gari na wasichana.

Bustani imeanza, vioo vimeokotwa. Droo itakuwa Septemba, baada ya Siku ya Wafanyakazi. Kama umekasirika niambie umekasirika. Nimezoea ukinigombeza, sikuzoea ukinyamaza.

Goti je?

T.


Mississippi, 20 Julai 2014

Tamera mwanangu,

Goti bado lipo. Joto la huku linapika mayai barabarani. Bwana Tolliver ameninunulia feni na sasa anadhani ana haki ya kukaa mbele yake kila jioni. Nimemwacha. Sweta mpya ya Janelle nimefika mikononi.

Nilikasirika, ndiyo. Niliisoma barua yako ya Mei nikaiweka chini ya Biblia ili nisiione. Baada ya kanisa siku moja nikachukua kalamu nikujibu jibu la kukutoa machozi. Nilikuwa nimelipanga vizuri. Nikaandika, "Mpe nyumba binamu yako, maana binamu ni binamu." Nilipofika kwenye neno binamu, mkono ukasimama. Nikakaa hapo mpaka wino ukakauka.

Uliniuliza kama tuliwahi kwenda upande wa kusini. Tulikwenda.

Ilikuwa mwaka 1966. Hosea alifanya kazi kiwanda cha ngozi, mimi nina mimba ya Harold, na tulikaa chumba kimoja juu ya duka la samaki. Nilikuwa nikitapika asubuhi kwa sababu ya mimba na jioni kwa sababu ya samaki. Rafiki mmoja wa kazini kwa Hosea, Mpolandi, akamwambia kuna nyumba ng'ambo ya daraja, vyumba viwili na bafu lake, kodi ya kawaida. Siku ya kwenda tulivaa nguo za kanisani. Hosea aling'arisha viatu mpaka nikamwambia, wewe unaenda kupanga nyumba au kuioa?

Kadi ilikuwepo dirishani: INAPANGISHWA. Tulibisha hodi. Mwanamke alifungua, mikono ina unga. Hakuwa mbaya, Tamera. Hapo ndipo mtu unaposhindwa kusimulia, maana watu wanataka awe mbaya. Alilitazama tumbo langu, akaniuliza kama nataka maji. Akaniletea glasi. Halafu akasema, "Poleni jamani. Nimeshampa binamu yangu."

Tulishuka ngazi. Tulipofika chini nikageuka, nikamwona anaitoa kadi dirishani.

Hosea alivuka daraja zima akitazama viatu vyake. Mimi niliongea sana, niliongea mambo ya hali ya hewa. Harold alizaliwa juu ya samaki. Mwaka uliofuata watu walipoandamana kuvuka daraja lile kudai nyumba ziwe wazi kwa wote, nami nilivuka, mtoto mgongoni kwa jirani. Nikarushiwa yai, likapiga kofia yangu nzuri. Lile yai niliwasimulia watu wote. Ile glasi ya maji sikumsimulia mtu.

Miaka yote hii nimejiambia yule mwanamke alinidanganya, hakuwa na binamu yeyote. Sasa wewe umenifanya nifikirie lingine. Huenda alikuwa naye. Huenda alikuwa na binamu wa kweli, amefika juzi na sanduku lake, na shangazi yake amemwandikia barua: mtengee, nakuomba kama mwanangu. Huenda hakunichukia hata kidogo. Nililala palepale juu ya samaki. Binamu wa kweli au wa uongo, mlango ulikuwa uleule.

Kwa hiyo usimtengee Dwight. Na huyo Mpolandi wako wa mabasi mawili, akija tena, mpe chai yenye sukari.

Bado nina hasira kidogo. Itaisha na joto.

Shangazi yako


Milwaukee, 14 Septemba 2014

Shangazi wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, Rodney akazima jiko kabla sufuria haijaungua. Sitaandika mengi juu yake. Nimeiweka na vitu vya Baba.

Janelle amerudi chuoni. Nyanya za bustanini zimetushinda, tunagawa mpaka kwa polisi wa doria.

Droo ilifanyika jana, ndani ya ukumbi ambamo zamani Mama alikuwa akishona vidole gumba vya glavu. Watu walijaa, wengine wakakaa madirishani. Bi. Novotny alileta tufe la plastiki la kuzungusha. Sikuruhusiwa kuligusa, wala sikutaka. Kila namba ilipotoka, jina likasomwa. La kwanza kabisa lilikuwa la Bi. Wanda. Alisimama akasema kwa sauti, "Nyinyi! Kumbe ni kweli!" Watu wakapiga makofi bila kujua ni kweli gani. Akafuata dereva wa lori wa kutoka Meksiko na watoto wake, kisha familia ya yule bibi wa mboga, kisha Bwana mmoja wa kiti cha magurudumu ambaye alipiga honi. Kina honi, Shangazi. Zaidi ya nusu waliopata ni watu wetu wa mtaani, maana bado ndio walioomba wengi. Dada Mattie Sue wa kwaya alipata, na hapohapo Lucius Battle akagundua kwamba droo ni mkono wa Mungu. Sasa ananiongelesha.

Jina la Dwight halikutoka. Nilisubiri mpaka tufe lilipobaki likizungushwa kwa ajili ya orodha ya wanaosubiri. Hapo alitoka, mbali huko, mahali ambapo mpaka azeeke ndipo zamu imfikie.

Nilikwenda kwenye chumba cha mafagio nikalia. Dwight akanifuata. Akafunga mlango, akasimama kati ya mafagio na ndoo, akasema, "Binamu, acha. Angalau nimeshindwa kihalali. Nikirudi kwa mama mkwe nitakula kuku wangu kwa dhamiri safi."

"Kuku gani, anawahesabu," nikasema.

"Basi nitakula dhamiri."

Tulicheka mle ndani kama wendawazimu. Lakini Latrice alikuwa ameshatoka nje na wasichana, na mdogo alikuwa akimuuliza chumba chake kiko ghorofa ya ngapi. Nilimsikia. Nakuandikia hili ili usidhani nilishinda kitu.

Tamera


Mississippi, 2 Oktoba 2014

Mwanangu,

Nimesoma. Nimelia kidogo, nimekula pai ya pichi, nikalia tena kidogo, nikamaliza pai. Bwana Tolliver ameomba kunioa. Nimemwambia arudishe kwanza bisibisi yangu.

Sasa nisikilize, maana nimefikiri nikiwa nachambua sukuma, na mimi nikichambua sukuma hufikiri vizuri. Wewe ulitumwa kuwatafuta Wapolandi kwa kuwa ndio hawatazamiwi kubisha hodi kwako. Sawa. Lakini sheria hii si yako peke yako. Basi mahali fulani huko nje ya jiji, kwenye vile vijimji vya magharibi vyenye nyasi zilizonyolewa, ambako watu wetu hupita na gari madirisha yamefungwa, kuna mzungu amejenga fleti kwa mkopo wa serikali. Naye alikaa mbele ya mama ufagio wake. Naye aliulizwa, ni nani hatazamiwi kabisa kubisha hodi kwako? Na alisema nini? Alimtaja Dwight!

Kuna mtu huko anamtafuta mwanangu, Tamera, na mwanangu amejificha kwa mama mkwe.

Nimempigia simu. Ndiyo, simu. Nimemwambia, vaa ile tai, uende ukapatikane. Akasema, "Mama, kule si kwetu." Nikamwambia hata yule Wanda alidhani hivyohivyo, sasa anakula nyanya za bustani. Akasema atafikiri. Msukume. Wewe ndiye unayejua ofisi.

Shangazi


Milwaukee, 18 Januari 2015

Shangazi, mchambua sukuma mkuu,

Kaa chini. Weka goti juu ya kiti.

Dwight hakutaka nikuandikie kabla ya kupata ufunguo mkononi, eti ataharibu bahati. Ufunguo ameupata jana, kwa hiyo sasa naandika.

Niliomba kwa Bi. Novotny majina ya majengo yote yaliyofunguliwa kwa fedha za umma nje ya jiji. Ni ya wazi kwa yeyote anayeuliza, ila hatukuwa na desturi ya kuuliza. Moja lilikuwa bado linapokea maombi, kwenye mji mdogo wenye ziwa, mwendo wa saa moja bila msongamano. Dwight alijikokota wiki mbili. Mwisho Latrice ndiye aliyeingia kwenye gari, akakaa upande wa usukani, akapiga honi mpaka Dwight akatoka. Nilikwenda nao, mimi na wasichana kiti cha nyuma.

Mwenye jengo ni Bwana Gunderson, mrefu, masikio mekundu. Alipotuona mlangoni alinyanyuka akagonga kichwa kwenye taa.

"Karibuni! Karibuni sana! Mmesikiaje habari zetu?"

Dwight, unamjua mwanao, akasema, "Mama yangu aliniambia mnanitafuta."

Masikio yakazidi kuwaka. "Ni kweli," akasema. "Tumepeleka matangazo mpaka kwa vinyozi wa upande wenu. Tumeweka redioni. Hakuna aliyekuja. Mke wangu akasema labda wanadhani tunaandika hivyo kwa sababu tumelazimishwa."

"Hamjalazimishwa?" akauliza Latrice.

Alifikiri. Nilimpenda kwa sababu alifikiri. "Tumelazimishwa," akasema. "Ila kahawa nimepika kwa hiari."

Droo yao ilikuwa kabla ya Krismasi, naye Dwight alitoka wa tatu. Vyumba vitatu, kila msichana chake. Kazi ameomba uhamisho kwenye bohari ya karibu. Latrice ameanza kulalamika kwamba duka la huko halina pilipili hata moja ya maana, kwa hiyo najua anapapenda.

Njoo Pasaka. Tutakulipia ndege.

Tamera


Mississippi, 20 Aprili 2015

Binti wa kaka yangu,

Nimefika nyumbani mzima, isipokuwa ndege ilinibana goti. Bwana Tolliver alinipokea na bisibisi mkononi, imefungwa utepe. Bado sijamjibu.

Asante kwa kunipeleka kiwandani. Ile sehemu ya dirisha alipokaa mama yako nimeitambua. Na huyo Wanda wako ana mdomo! Amenifundisha vile vimaandazi, nami nimemwambia ukweli kuhusu chumvi. Tumepatana kuandikiana. Nimeona pia kwamba umepaka korido rangi ya maharage, na sikusema kwa sababu nilikuwa mgeni. Sasa mimi si mgeni: rangi ni mbaya.

Lakini nataka nikuambie habari ya kwa Dwight, ambayo sikukwambia nilipokuwa kwako kwa kuwa Rodney alikuwa anachoma nyama na moshi ulikuwa mwingi.

Asubuhi moja, wote wamekwenda kazini na shule, nilitoka peke yangu kutembeza goti mpaka ziwani. Mtaa mzima sikuona uso unaofanana na wangu. Nilitembea kama ninavyotembea mahali kama hapo, unajua, mkoba mbele, kichwa juu, jibu tayari mdomoni. Mwanamke mmoja alikuwa anapanda maua mbele ya nyumba yake. Mikono ina udongo. Akanyanyuka, akaniuliza, "Mama, unamtafuta mtu?"

Nilikuwa na majibu saba ya ukali, yote nimeyanoa tangu zamani. Nikafungua mdomo nichague.

Nikamwambia, "Hapana. Nakaa pale kwa mwanangu."

"Aa, kwa Dwight!" akasema. "Mwambie ile ngazi yake ninayo bado, nitairudisha kesho." Akainama, akaendelea na maua yake.

Basi. Hayo tu. Nilikaa kwenye benchi la ziwani nikatazama mabata mpaka jua likanichoma shingo, na yale majibu saba sikujua niyapeleke wapi.

Shangazi yako,
Earline